Jiliwa dogo kwa mpangaji wa fleti

Mbuzi ya nazi ndiyo iliyonifanya ninunue jiliwa, kile kifaa chenye taya mbili za kubana kitu kisicheze unapokifanyia kazi. Mama aliniletea kutoka Tanga, ameiviringisha kwenye kanga katikati ya begi, na baada ya miaka minne ya kukuna kila wiki meno yalikuwa yamelala. Kwetu ningeipeleka kwa fundi, nikasubiri kidogo, nikaondoka nayo. Hapa Leipzig, Ujerumani, niliibana kati ya magoti, tupa mkononi. Kovu ninalo hadi leo.

Jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoliita, si lazima liwe lile zito la karakana linalofungwa kwa bolti. Mpangaji anahitaji dogo, taya zenye upana wa milimita 50 hadi 75, ambalo kazi ikiisha unalifungua na kulirudisha kabatini.

Kabla ya kulipia, iangalie kwanza meza yako. Yapo majiliwa yenye mpira wa kunyonya chini, na yapo yanayobana ukingo wa meza kwa skrubu. La kunyonya hushika kwenye kioo, fomaika au marumaru iliyofutwa vizuri. Kwenye ubao wenye mikwaruzo hewa hupenya na baada ya muda linaachia. Linafaa kushikilia kitu unachokilehemu au kukigundisha, lakini halifai kwa tupa wala msumeno. Langu la kwanza lilikuwa la aina hiyo. Nilipoisukuma tupa mara ya tatu likang'oka na mbuzi yake.

La skrubu ndilo la kazi, ila meza za bei nafuu za huku mara nyingi ni ganda jembamba lenye karatasi ngumu ndani. Igonge kwa kifundo cha kidole: ikilia kama ngoma, skrubu itaibonyeza na meza itabaki na shimo. Kama fleti uliikodi na fanicha zake, shimo hilo utalilipia kwenye dhamana. Weka kipande cha ubao juu na kingine chini, kila kimoja unene wa sentimita 2 hivi, ndipo ukaze. Kwa hiyo pima unene wa meza pamoja na mbao hizo, ulinganishe na mdomo wa skrubu unavyofunguka.

Dukani jina hubadilika. Uingereza ni vice, Marekani ni vise, Ujerumani Schraubstock, Uholanzi bankschroef, Ufaransa étau. Ndugu zetu wa Oman waulizie malzama. Mimi napendelea la mtumba kutoka soko la Jumamosi kuliko jipya la bei ya kutupa. Lifungue nusu, ushike taya inayotembea, uitikise. Ikicheza kama jino bovu, liache. Kisha lifunge bila kitu na ulielekeze kwenye mwanga uone kama taya zinakutana sawasawa. Mengi ni ya chuma cha kusubu, ambacho hakipindi, kinavunjika. Usiligonge kwa nyundo, wala usiurefushe mkono wake kwa bomba ili upate nguvu.

Sasa mbuzi. Fungua chuma chake kutoka kwenye kibao kama kina skrubu. Taya za jiliwa zina mikwaruzo, kwa hiyo kiweke kati ya vipande viwili vya ubao mwembamba au ngozi ya mkanda wa zamani. Meno yachomoze juu ya taya kwa sentimita moja tu. Ukikiacha kirefu, chuma kinatetemeka, tupa inateleza na inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Tupa hukata ikienda mbele. Wakati wa kurudi iinue. Hesabu: kama jino la kwanza limepata misukumo mitatu, yote yapate mitatu, la sivyo yatapishana urefu na nazi itatoka mapande. Osha vizuri kabla ya kukuna, maana vumbi la chuma halionekani kwenye tui.

Katika kulehemu, kwa mfano kichwa cha waya wa spika za masikioni, shida ni joto. Taya za chuma hulinyonya, na waya wa kulehemu unaganda vidonge badala ya kutambaa. Usio na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ule wa zamani wa bati na risasi ni 183, kwa hiyo tofauti utaiona haraka. Vile vipande vya ubao vinasaidia hapa pia. Kaza kiasi cha kutocheza tu. Plastiki ikianza kubonyea umeshapitiliza.

Kelele za tupa hupita mezani, zikashuka sakafuni hadi kwa jirani wa chini. Kunja taulo chini ya miguu ya meza. Ujerumani usifanye kazi hii Jumapili, wala usiku kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Ukikosa nafasi kabisa, tafuta Repair Café. Zilianzia Amsterdam mwaka 2009, na sasa miji mingi ya Ulaya inazo. Unaingia na kitu chako kilichoharibika, unakuta vifaa na watu wa kujitolea, unaacha chochote kwenye kopo. Ukienda na mbuzi, jiandae kueleza ni nini.