Somo: Kufufua kanzidata ya dpkg iliyoharibika bila kusakinisha mfumo upya

Wakuu, somo hili ni la watumiaji wa Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zake. Umeme umekatika katikati ya `apt upgrade`. Mashine inawaka tena vizuri, lakini kila ukitaka kusakinisha kitu dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha pakeji (vifurushi vya programu), inagoma na kukutajia namba ya mstari ndani ya `/var/lib/dpkg/status`. Wengi wakifika hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Hakuna haja kabisa. Faili hilo ni maandishi matupu, unaweza kulisoma na kulirekebisha wewe mwenyewe.

Kwanza tujue tunashika nini. Kila pakeji iliyomo kwenye mashine ina aya yake ndani ya `status`, na aya zinatenganishwa kwa mstari mtupu:

```
Package: tree
Status: install ok installed
Priority: optional
Section: utils
Architecture: amd64
Version: 2.1.0-1
```

Mstari wa `Status` ndio wa kuuangalia zaidi. Neno la kwanza ni lile unalolitaka wewe, la pili linasema kama kuna hitilafu, la tatu ni hali ilivyo kweli. Kazi ikikatizwa, neno la tatu linaweza kubaki `half-installed`, `unpacked` au `half-configured`. Orodha ya mafaili ya kila pakeji iko pembeni, kwenye `/var/lib/dpkg/info/`, nayo ni maandishi: `tree.list`, `tree.md5sums`, na kwa pakeji nyingine skripti kama `postinst` na `prerm`.

Bainari ipo, ila iko upande wa apt: `pkgcache.bin` na `srcpkgcache.bin` ndani ya `/var/cache/apt/`. apt huyajenga kutokana na yale maandishi ili isome haraka, na yakipotea huyajenga tena. Shikeni hilo, maana hatua zote zinalitegemea: `status` ndiyo asili, `.bin` ni nakala ya mwendo tu. Ya kwanza tunailinda kwa kila hali, ya pili tunaitupa bila wasiwasi.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna kinachoendelea, kisha nakili.

```
pgrep -a 'apt|dpkg'
df -h /var
sudo cp -a /var/lib/dpkg /root/dpkg-nakala
```

Diski ikiwa imejaa, hiyo ndiyo inaweza kuwa chanzo chenyewe. Punguza kwanza. Na usiguse chochote kabla nakala haijakamilika.

Hatua ya 2: Soma palipoharibika. Kama dpkg imetaja mstari wa 5214, angalia jirani zake:

```
sed -n '5195,5230p' /var/lib/dpkg/status | cat -v
```

`cat -v` inaonyesha herufi zisizoonekana. Ukiona `^@^@^@` mfululizo, hizo ni baiti za sifuri, jambo la kawaida baada ya umeme kukatika ghafla. Kujua ni nyingi kiasi gani, linganisha namba hizi mbili:

```
wc -c < /var/lib/dpkg/status
tr -d '\000' < /var/lib/dpkg/status | wc -c
```

Tofauti ikiwa ndogo, uharibifu ni wa mahali pamoja. Ikiwa kubwa, usihangaike na mkono, nenda hatua ya 3.

Wakati mwingine ujumbe hautaji `status` bali faili lenye jina la namba ndani ya `/var/lib/dpkg/updates/`. Humo dpkg huandika mabadiliko madogo kabla ya kuyaunganisha na `status`. Kwa kuwa nakala unayo, futa faili lililotajwa na uendelee na hatua ya 4.

Hatua ya 3: Rekebisha au rudisha. Aya moja ikiwa imekatika, fungua kwa `sudo nano`, ondoa aya hiyo nzima, acha mstari mtupu mmoja kati ya zilizobaki, na andika jina la pakeji pembeni ili uisakinishe tena baadaye. Uharibifu ukiwa mkubwa:

```
sudo cp /var/lib/dpkg/status-old /var/lib/dpkg/status
```

`status-old` ni hali ya kabla ya uandishi wa mwisho. Nayo ikiwa mbovu, mfumo hutunza nakala kwenye `/var/backups/`: `dpkg.status.0`, kisha za nyuma zaidi zilizobanwa, `dpkg.status.1.gz` na kuendelea. Nakala ya zamani haijui ulichosakinisha baada yake, lakini logi inajua:

```
grep ' installed ' /var/log/dpkg.log | tail -n 40
```

Hatua ya 4: Malizia kazi iliyokatika.

```
sudo rm -f /var/cache/apt/*.bin
sudo dpkg --configure -a
sudo apt update
sudo apt -f install
sudo dpkg --audit
```

Amri ya mwisho ikinyamaza, uko salama. Zile pakeji ulizoziandika pembeni zirudishe kwa `sudo apt install --reinstall`.

---

Swali: Mkuu, shukrani sana. Ila kama maandishi yanaharibika hivi, kwa nini Debian wasihamie kanzidata ya SQLite kama Fedora?

Jibu: Swali zuri, mkuu. RPM, mfumo wa pakeji wa Fedora na CentOS, ilikaa miaka mingi na kanzidata ya bainari iitwayo Berkeley DB, na wasimamizi wa seva wanaikumbuka kwa kufuli zilizobaki na `rpm --rebuilddb`. Oracle walipobadilisha leseni mwaka 2013, RPM ikabaki na toleo la zamani, hadi Fedora 33 ya mwaka 2020 ilipohamia SQLite. Ni hatua nzuri: SQLite ina miamala, mabadiliko yanaingia yote au hayaingii kabisa. Lakini fungua `rpmdb.sqlite` uone: taarifa za pakeji zimo kama donge la bainari ndani ya safu moja, huwezi kuzihariri kwa nano.

Maandishi nayo yana gharama, tusiifiche. Ule ujumbe wa `Reading database ...` ni dpkg ikipitia maelfu ya mafaili ya `.list`, na kwenye diski ya kuzunguka unausubiri kweli. Kwa usalama, dpkg huandika faili jipya pembeni, hulisukuma hadi diskini, ndipo hulibadilishia jina. Kwangu mimi, kusubiri kidogo ni bei ndogo kwa kanzidata ninayoweza kuifungua kwa `less` saa nane usiku.

Swali: Ofisini tuna CentOS 7, amri ya `rpm -qa` inaganda tu. Njia hii inafaa?

Jibu: Hapana, hiyo ni Berkeley DB. Hakikisha hakuna yum wala rpm inayoendelea, kisha:

```
cp -a /var/lib/rpm /root/rpm-nakala
rm -f /var/lib/rpm/__db.*
rpm --rebuilddb
```

Mafaili ya `__db.*` ni ya muda. Asili ni `Packages`, usiifute kamwe. Na CentOS 7 iliacha kupata masasisho Juni 2024, pangeni kuhama.

Swali: Naweza kuhariri `status` ili kuondoa utegemezi unaonisumbua?

Jibu: Itakubali, lakini pakeji ikisasishwa mstari unarudi, na apt itakuwa imefanya maamuzi juu ya uongo. Tumia `equivs` utengeneze pakeji ya kujaza nafasi.

Swali: Na kama `/var/lib/dpkg` yote imepotea, pamoja na nakala za `/var/backups`?

Jibu: Bado una njia. Sera ya Debian inataka kila pakeji iweke taarifa za hakimiliki ndani ya `/usr/share/doc/`, kwa hiyo majina ya folda humo yanakupa karibu orodha kamili:

```
ls /usr/share/doc > ~/orodha.txt
sudo mkdir -p /var/lib/dpkg/info /var/lib/dpkg/updates
sudo touch /var/lib/dpkg/status
sudo apt update
```

Matoleo hutayajua, majina tu. Chuja yale ambayo si pakeji, pakua za msingi kwa `apt download` na uziweke kwa `dpkg -i` ukianza na `libc6`, `dpkg` na `apt`, halafu zilizobaki kwa mafungu madogo, ukipitia `dpkg --audit` kila baada ya fungu.