Ukurasa wa kibodi usiurukie

Laptopu nyingi ninazowekea mfumo wa Windows au Linux hapa karibu na Kibuye, Kisumu, zilitumika Uingereza kabla ya kufika kwetu. Nyingine ni za Marekani, na mara mojamoja huja ya Ujerumani. Kwa hiyo ukurasa wa kuchagua kibodi, ule ambao wengi huupita mbio, mimi huukalia. Kompyuta haioni kilichochapwa juu ya vitufe. Hupokea namba ya kitufe tu, na wewe ndiye unayeiambia namba hiyo ni herufi gani.

Kwanza kagua kibodi yenyewe. Enter ikiwa imesimama wima, na kuna kitufe kidogo kati ya Shift ya kushoto na Z, hiyo ni ya Ulaya. Ikiwa 2 ina alama ya " na 3 ina alama ya pauni, chagua Uingereza, yaani UK. Enter ikiwa imelala na 2 ina @, chagua Marekani, US. Ukikuta Z mahali pa Y, ni ya Ujerumani. Safu ya juu ikianza na A, Z, E, ni ya Ufaransa.

Fuata kilichochapwa, si nchi unayoishi. Kwenye Linux utaona hata mpangilio wa Kiswahili wa Kenya, lakini Kiswahili hakina herufi inayokosekana kwenye kibodi ya kawaida, kwa hiyo huna haja nao.

Ule wa Marekani wenye neno International uogope zaidi. Ritifaa, yaani alama ya ', humo haitokei papo hapo. Husubiri herufi inayofuata na kuipanda kichwani. Andika ng'ombe, upate ngómbe. Andika Ng'iya, upate Ngíya. Karani wa shule huku kwetu, mwenye majina ya aina hiyo kila ukurasa, atateseka mwaka mzima.

Ubuntu, aina moja ya Linux, hukupa kisanduku cha kujaribia. Andika humo @ " # na ng'ombe, na usiendelee mpaka zote zitoke sawa. Kwenye Windows, jaribu pale pa jina la mtumiaji kisha ufute, kwa sababu nywila hufichwa kwa nukta.

Hapo kwenye nywila ndipo watu huumia. Mwalimu mmoja wa Ahero aliletewa mashine ya Uingereza iliyowekwa kama ya Marekani. Nywila yake ilikuwa na @, naye aliibonyeza pale ilipochapwa, karibu na Enter, mashine ikahifadhi ". Baadaye mtu akarekebisha kibodi kuwa ya Uingereza, na mlango ukafungwa. Nilimwambia, "Mwalimu, mahali pa @ bonyeza Shift na 2." Ikafunguka, tukabadilisha nywila hapohapo.

Kwa hiyo wakati wa kusakinisha, weka nywila ndefu ya herufi na tarakimu tupu, bila y wala z, ambazo hubadilishana mahali kwenye ya Ujerumani. Alama utaongeza baadaye. Ukifunga diski kwa nywila, zingatia hili mara mbili, maana huulizwa kabla mfumo haujafunguka.

Ikiwa ulishakosea kwenye Ubuntu au Debian, ambayo nayo ni Linux, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Ukihariri faili ya /etc/default/keyboard kwa mkono, Uingereza huandikwa gb, si uk. Kisha washa mashine upya.