Begi Likivunjika au Kuchelewa Safarini

Wateja ninaowakatia tiketi za ndege hapa Kariakoo nawasisitizia kila mara: begi la safari ya kimataifa likifika limevunjika, usitoke uwanjani kwanza. Nenda dawati la mizigo ujaziwe ripoti, udai nakala. Kile kistika chenye namba ya begi, walichokubandikia kwenye bodingi pasi, usikitupe kabisa.

Kisha liandikie shirika. Malalamiko ya mdomo hayatoshi! Mkataba wa Montreal wa 1999, wa kimataifa kuhusu usafiri wa ndege, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unakupa siku 7 kwa begi lililoharibika, na siku 21 tangu ukabidhiwe lililochelewa. Zikipita, haki imekuponyoka. Ambatanisha risiti za nguo na mswaki ulivyonunua ukilisubiri. Mahakamani, mwisho miaka 2.