Ukija Dodoma Desemba, usizime joto la nyumba uliyoiacha

Miaka michache iliyopita nilikuwa Hombolo kwa shemeji, tumekaa nje tunaliangalia wingu lililogoma kunyesha, simu ikaita. Huku saa tatu usiku, Minneapolis, Marekani ninakoishi, saa sita mchana. Jirani yangu wa kule hakuwa na muda wa salamu: maji yanatoka chini ya mlango wako.

Mimi nimekulia Dodoma. Nimebeba madumu kabla ya kengele ya shule, na hadi leo nikisikia koki inadondoka usiku siwezi kulala. Halafu mtu huyohuyo nikamwaga maji siku mbili mfululizo bila kujua. Chanzo ni ubahili: wakati wa kuondoka nilizima joto, yaani mfumo wa kupasha nyumba, nikajisemea sitailipia gesi nyumba isiyo na mtu.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu inayojijenga ndani ya bomba huyasukuma maji yaliyobanwa kati yake na koki iliyofungwa, na presha ikizidi bomba linachanika. Hutaona kitu mpaka barafu iyeyuke, ndipo mafuriko yaanze. Nyumba za zamani ndizo zinazoumia zaidi, maana mabomba mengi yamepitishwa kwenye kuta za nje zisizo na kizuizi cha baridi. Hatari inakuwa kubwa nje kukifika nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwa Minneapolis ya Januari hiyo ni siku ya kawaida tu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, usiweke joto chini ya nyuzi 13, yaani 55 kwa vipimo vya Marekani. Funga koki kuu, kisha fungua koki za ndani maji yaishe kwenye mabomba. Kama nyumba inapashwa na boila, mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba, muulize fundi kwanza kama yako inajijazia maji yenyewe kutoka kwenye bomba utakalolifunga. Soma na mkataba wa bima: Marekani kampuni nyingi hazilipi kama joto lilizimwa, na Uingereza nyingi hupunguza ulinzi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Ufunguo mwachie mtu atakayeingia ndani kweli, si wa kuchungulia dirishani.

Koki kuu yenyewe unaijua iliko? Mimi nilikaa miaka minne bila kuijua. Hapa kwetu unatoka nje, unafunga ya kwenye mita au ya chini ya simtanki, basi. Kule mara nyingi iko chumba cha chini ya ardhi, pale bomba la mtaani linapoingilia, na katika nyumba kuukuu huwa ni geti valvu, koki ya kuzungushwa kama usukani, iliyoshika kutu. Ijaribu mwezi wa tisa, siyo usiku wa mafuriko. Ikigoma usiilazimishe kwa spana, itakukatikia mkononi; mwite fundi aibadilishe.

Ukiwa nyumbani na baridi imekuwa kali, acha koki ya ndani ambayo bomba lake limepita ukuta wa nje idondoshe maji kidogo na milango ya kabati la sinki iwe wazi. Najua inauma kwa mtu aliyezoea mgawo, lakini vumilia. Bomba likiganda, fungua koki yake, lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia upande wa koki. Moto wa wazi usiutumie.

Kuna zile rejeta. Siyo za gari. Ni yale machuma mazito yaliyopangwa chini ya madirisha, yanapitisha maji ya moto au mvuke. Ya maji ya moto ikiwa chini imepata joto na juu ni baridi, ina upepo. Zima joto, subiri ipoe, legeza kiskrubu cha pembeni kwa ufunguo wake, hewa itoke ikizomea mpaka maji yaanze kuchuruzika, kisha kaza. Boila nyingi za Uingereza zinatakiwa zisome presha ya kati ya baa 1 na 1.5 zikiwa baridi. Za mvuke ziachie fundi. Na nyumba ya rejeta kwa kawaida haina njia za kupitishia hewa ya ubaridi, hivyo kiangazi kikifika utahitaji AC ya dirishani au ya ukutani. Ile ya ukutani ya kisasa mara nyingi hupasha pia.

Jiko la mkaa usiliingize ndani kamwe, hata joto likikatika. Sisi wa kanda ya kati tumezika watu waliolala nalo wamefunga madirisha baridi ya Julai. Boila mbovu au dohani iliyoziba hutoa gesi hiyohiyo isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo weka king'ora cha monoksidi ya kaboni karibu na vyumba vya kulala.

Fundi mtafute mapema, Septemba au Oktoba, kabla simu zao hazijaanza kuita mfululizo. Vishoka wako kila nchi. Omba namba ya leseni na uihakiki mwenyewe. Uingereza anayegusa gesi lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe. Uliza gharama ya kuja tu ni kiasi gani, na ya usiku au wikiendi inapanda vipi. Akisema boila nzima ibadilishwe, chukua makadirio ya maandishi kwa wengine wawili. Wa kwanza aliyeiona yangu alitaka ing'olewe; wa pili akabadilisha pampu, na bado inafanya kazi.

Mpangaji usinunue hita ukanyamaza. Jijini New York, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mwenye nyumba analazimika kufikisha nyuzi 68 za Farenhaiti mchana nje kukiwa chini ya 55, na usiku 62. Uingereza sheria ya mwaka 1985 inamtaka atengeneze mfumo wa joto na maji ya moto. Mwandikie, uweke nakala.

Naandika nikiwa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, feni inazunguka, maji ya bomba yamekatika tangu asubuhi. Jirani yangu yuleyule kanitumia picha ya kipimajoto cha sebuleni kwangu: 58.