Somo: Mwanafunzi amekata rufaa kesi ya udanganyifu, mwalimu ujiandaeje

Wakuu, habari za jioni. Kila mitihani ikiisha napigiwa simu ile ile: "Mwalimu, nimeitwa kamati ya rufaa, nifanyeje?" Wiki hii nimeshapokea nne. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nafundisha chuo kimoja hapa Mwanza, nimeshakaa mbele ya kamati mara kadhaa, na kesi moja niliiharibu vibaya.

Kabla ya yote: mwanafunzi akikata rufaa usinune. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977 inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Wewe unakwenda kusema ulichokiona, basi.

1. Soma barua ya rufaa yote. Anasema hakudanganya, au utaratibu ulikiukwa, au adhabu imezidi? Jiandae kwa hilo analolipinga.

2. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, toleo lililokuwa likitumika siku ya tukio.

3. Ushahidi. Hapa ndipo nilipoanguka. Nilimkuta kijana ana kikaratasi kimekunjwa ndani ya kifuniko cha kalkuleta, maandishi madogo kama punje za ulezi. Nikakichukua, nikakibana kwa pini ya stepla kwenye kitabu chake cha majibu, mtihani ukaendelea. Ripoti nikaja kuiandika siku ya tatu. Mimi niliandika 10:40. Mwenzangu niliyesimamia naye aliandika 4:40, akimaanisha saa nne na dakika arobaini. Saa ni ile ile, lakini kwenye karatasi zilisomeka kama mashahidi wawili wa siku mbili tofauti. Kikaratasi chenyewe hakikuwa na saini wala namba ya mtahiniwa, na kilikuwa kimepita ofisi tatu. Kijana akasema, "Huo si mwandiko wangu, na sijui nani alikiweka hapo." Sikuwa na jibu. Kamati ikamrudishia matokeo yake. Kwa ushahidi ule, hata mimi ningemrudishia.

Kwa hiyo: ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, kabla hujatoka kwenye jengo. Saa iandike kwa maneno, "saa nne na dakika arobaini asubuhi". Kikaratasi kiingie kwenye bahasha yenye namba ya mtahiniwa, saini yako, ya msimamizi mwenzako na ya mwanafunzi. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, usimlazimishe. Kila ofisi inayopokea bahasha isaini na kuweka tarehe. Na TAFADHALI usiiguse ripoti baada ya kusikia kuna rufaa. Ukikumbuka jambo jipya, andika nyongeza yenye tarehe ya siku unayoiandika.

4. Kama ni kazi ya kunakili, asilimia ya Turnitin (programu inayoonyesha maandishi yanayofanana na vyanzo vingine) peke yake haithibitishi wizi. Ondoa nukuu na orodha ya marejeo kwenye hesabu, kisha weka aya ya mwanafunzi na aya ya chanzo kando kwa kando. Kamati inataka kuona aya.

5. Siku yenyewe fika mapema. Jibu ulichoulizwa. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Tabia zake za muhula uliopita ziache nyumbani.

MASWALI

Ngosha wa Igoma: Mkuu, ndefu sana hii. Kwa kifupi nibebe nini?

Jibu: Soma hatua ya 3.

Binti Kirumba: Shikamoo mwalimu. Programu ya kutambua maandishi ya akili mnemba imenipa asilimia 90. Mwanafunzi anakana, na mimi sina kingine. Naanzia wapi?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Usiende na asilimia hiyo peke yake. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya aina hiyo Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima programu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa ni za mashine. Sasa wafikirie wanafunzi wetu, ambao wengi Kiingereza ni lugha ya tatu baada ya Kisukuma na Kiswahili. Omba rasimu zake na historia ya faili, linganisha na alichoandika kwenye mtihani wa darasani, mwombe aieleze kazi yake kwa mdomo. Ukikosa vyote hivyo, iambie kamati kwamba huna kingine.

Kamanga Boy: Mimi kile kikaratasi nilikitupa. Naweza kuandika kingine kinachofanana?

Jibu: Hapana. Huko ni kughushi, na atakayeshtakiwa ni wewe.

Mdau Nyegezi: Naona unawatetea wanafunzi. Tuwaache wadese tu?

Jibu: Rudia kusoma. Nilipoiharibu ile kesi, walioumia ni wale waliokesha wakisoma, wakaona kwa macho yao kilichotokea chumbani. Ninayemtetea ni huyo aliyekesha.

Mzee wa Pantoni: Shahidi wangu amehamia Sengerema, anasema ni mbali.

Jibu: Mzee wangu, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Zile foleni za pantoni zimekwisha. Mpe tarehe mapema, na nauli yake uiombe ofisi ya taaluma.

Mwl. Malimbe: Nyongeza: ushahidi msiuchapishe steshenari za getini. Mimi nilisahau faili kwenye kompyuta yao, jioni likawa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Jibu: Asante sana kwa hili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na jina la mwanafunzi mwenye kesi si la kuzungushwa. Tumieni printa ya idara, hata kama ni kusubiri umeme urudi.

Binti Kirumba: Na hiyo bahasha mwalimu, ya kaki au ya plastiki? Stoo yetu inavuja mvua ikinyesha.

Jibu: Ya kaki, halafu uitie ndani ya ya plastiki. Saini kwa kalamu ya kawaida, wino wa jeli ukipata maji unachuruzika. Na iwekwe kwenye kabati la chuma, rafu ya juu.