Kuagiza gari jipya moja kwa moja kwa mtengenezaji ukiwa Marekani

Kabla ya kuchagua rangi, jua nani anaruhusiwa kukuuzia. Toyota, Ford, Honda, Hyundai na kampuni nyingine za zamani zinabanwa na sheria za majimbo zinazolinda madila, yaani wenye shorumu. Ukipanga gari lako kwenye tovuti ya Ford, injini hii na viti vile, oda inaenda kwa dila, na dila ndiye anayepanga bei ya mwisho. Hata Hyundai zilizoanza kuuzwa kupitia Amazon mwishoni mwa 2024 muuzaji wake kisheria ni dila. Wanaouza wenyewe, bila mtu wa kati, ni Tesla, Rivian na Lucid, ambao hawakuwahi kuwa na madila. Kwa hiyo kuagiza kwa mtengenezaji Marekani, kwa sasa, maana yake hasa ni kuagiza gari la umeme.

Kuna kazi ambazo dila alizifanya, vizuri au vibaya: kukagua gari likishushwa, kufuata karatasi, kubembeleza benki. Akiondoka dila, kazi hizo hazipotei, zinakuangukia wewe.

Jimbo lako kwanza

Popote ulipo unaweza kuagiza kwa simu au kompyuta. Sheria za majimbo zinagusa zaidi maduka na vituo vya huduma. Texas ndiyo mfano wa kushangaza: Tesla ina kiwanda kikubwa Austin, lakini mkazi wa Austin anayenunua gari lililotoka hapo jirani anahesabiwa kanunua nje ya jimbo, na wafanyakazi wa maonyesho yake hawaruhusiwi kujadili bei wala kupokea oda. New Mexico nayo ilikuwa na marufuku, ndiyo maana mwaka 2021 Tesla ilifungua kituo kwenye ardhi ya Wahindi Wekundu wa Nambé Pueblo, ambako sheria ya jimbo haifiki. Michigan ilipiga marufuku mwaka 2014, kisha mwaka 2020 wakafikia makubaliano mahakamani.

Kwako wewe maana yake ni umbali. Fungua ramani ya vituo vya huduma vya kampuni unayoitaka, upime maili kutoka mlangoni kwako. Mafundi wa magari ya huduma wanaokuja nyumbani hushughulikia mambo madogo: kitasa, kamera, kihisi. Betri, usukani na bodi ni lazima gari liende kituoni. Kituo kikiwa mwendo wa saa nne kutoka kwako, na gari ndilo unaloendea kazini, fikiria upya. Rivian na Lucid wana vituo vichache kuliko Tesla, kwa hiyo hesabu hii inawahusu zaidi.

Bei ya kweli

Hakuna kupatana bei. Unayoiona wewe ndiyo anayoiona jirani, na kwa mtu aliyewahi kukaa saa tano shorumu akivutana na muuzaji, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini namba kubwa inayong'aa juu ya ukurasa mara nyingi si yako. Angalia kama wameshapunguza humo makadirio ya mafuta utakayookoa, na uzime kitufe hicho ili uone bei halisi. Kisha ongeza usafirishaji na ada ya oda. Kwa Model 3 na Model Y za Tesla mwaka 2024, usafirishaji ulikuwa dola 1,390 na ada ya oda dola 250. Chukua gari la dola 45,000 linalosajiliwa Texas: ukiongeza hizo unafika 46,640. Kodi ya mauzo ya asilimia 6.25 ni dola 2,915. Tangu Septemba 2023 gari jipya la umeme Texas hulipa dola 400 za ziada kwenye usajili wa kwanza, halafu 200 kila mwaka. Umeshafika karibu dola 50,000 kabla ya bima na kabla ya kuvuta waya wa umeme gereji.

Kodi inafuata mahali gari linaposajiliwa, si mahali unapolichukulia. Na kama una gari la zamani la kutoa, majimbo mengi hukata thamani yake kwanza ndipo yapige kodi. California haifanyi hivyo. Ukiwa California, basi, hupotezi kitu kwa kuliuza gari la zamani kwingine, na mara nyingi utapata zaidi. Chukua bei tatu za maandishi kabla hujakubali ya mtengenezaji.

Bei yenyewe hupanda na kushuka bila taarifa. Januari 2023 Tesla ilishusha bei za baadhi ya magari kwa karibu asilimia 20, na waliopokea wiki chache kabla hawakurudishiwa kitu. Bei ikishuka wakati unasubiri, andika kupitia akaunti yako uombe bei mpya kabla hujasaini karatasi za mwisho. Ukishasaini, basi tena.

Kama huna haraka na rangi si tatizo, tazama magari yaliyokwisha kutengenezwa, hasa wiki mbili za mwisho za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kampuni zinataka hesabu za robo mwaka zipendeze, na punguzo huonekana hapo. Ubaya wake ni kwamba siku hizo watu wa kukabidhi magari wanakimbizana, na makosa huongezeka.

Kuweka oda

Jina kwenye oda liwe lile lile la leseni yako ya udereva, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu hapa ndipo wanapokwama: leseni inasema hivi, benki inasema vile, bima imeruka jina la kati, na karatasi za usajili zinarudishwa. Kama gari litakuwa la watu wawili, mtaje wa pili tangu mwanzo, kwa sababu kuongeza jina baada ya mkopo kupitishwa hulazimisha mkataba mpya.

Ada ya oda ya Tesla hairudishwi. Rivian na Lucid wana masharti yao, yasome kabla ya kuingiza kadi. Ukibadilisha rimu au rangi baada ya kuagiza, unaweza kuhamishiwa kwenye bei ya siku hiyo. Tarehe ya kufika unayopewa ni makadirio, kwa hiyo usiuze gari lako la sasa kwa kuitegemea.

Mkopo na malipo

Nenda kwenye chama cha kuweka na kukopa kabla ya kuangalia mkopo wa mtengenezaji. Omba kwa wakopeshaji kadhaa ndani ya siku 14 ili maombi yote yahesabiwe kama moja kwenye alama zako za mkopo. Kinachokwamisha watu ni namba ya chasisi. Mkopeshaji anaitaka ili aandike hundi, na mtengenezaji anaweza kuitoa siku chache tu kabla ya makabidhiano. Idhini nyingi za mkopo huisha baada ya siku 30 au 60, na oda ikichelewa unaanza upya kwa riba ya siku hiyo. Uliza mapema: idhini inadumu muda gani, hundi inatoka kwa siku ngapi, na iandikwe kwa jina gani.

Ukilipa taslimu, angalia kikomo cha benki yako cha kuhamisha fedha kwa siku. Nyingi haziruhusu dola 40,000 kwa mkupuo bila kupiga simu. Namba ya akaunti ya kulipia ichukue ndani ya programu ya kampuni peke yake. Barua pepe ikija kukuambia akaunti imebadilika, usilipe. Matapeli hupenda wakati huo ambapo mtu ana hamu ya gari.

Bima ulizia bei kabla ya kuagiza. Magari haya hugharimu sana kutengeneza, na bei inaweza kukushtua. Ikubaliwe ianze siku ya makabidhiano, ikiwa na namba ya chasisi na jina la mkopeshaji. Bila hiyo gari halitoki.

Umeme wa nyumbani

Fundi umeme aje gari likiwa bado njiani. Plagi ya kawaida ya volti 120 hutoa kama kilowati 1.4, betri ya kilowati-saa 75 ikiwa tupu itachukua zaidi ya siku mbili kujaa. Plagi ya NEMA 14-50, ile ya volti 240 ya jiko la umeme, yenye breka ya ampea 50, huchaji kwa ampea 32 ukitumia waya wa Tesla, karibu kilowati 7.7. Chaja ya ukutani ya ampea 48 hutoa kilowati 11.5 na inahitaji breka ya ampea 60, kwa sababu mzigo wa saa nyingi mfululizo haupaswi kupita asilimia 80 ya breka. Nyumba za zamani zenye umeme wa ampea 100 kwa ujumla huenda zisibebe chaja kubwa pamoja na jiko na kiyoyozi. Usikubali soketi ya bei rahisi ya 14-50. Zimetengenezwa kwa jiko linalowashwa na kuzimwa. Zikibeba ampea 32 usiku kucha, plastiki huyeyuka. Lipia ya daraja la viwandani. Na tangu Aprili 2022 Tesla haitoi tena waya wa kuchajia pamoja na gari, uununue kabla.

Siku ya makabidhiano

Hapa ndipo penye nguvu yako yote, na inakwisha ukishabonyeza kukubali kwenye simu. Tesla iliondoa siku saba za kurudisha gari mwaka 2020, na kanuni ya shirikisho inayompa mnunuzi siku tatu za kughairi haihusu manunuzi ya mtandaoni. Omba miadi ya mchana, uombe gari lisiwe limelowa. Maji huficha mikwaruzo. Tenga saa nzima, hata wakikuambia wengine humaliza kwa dakika tano.

Anza na namba ya chasisi. Ina herufi na tarakimu 17, isome kwenye kona ya kioo cha mbele, kwenye fremu ya mlango wa dereva na kwenye skrini, zote zilingane na mkataba. Ya kumi ni mwaka wa modeli: R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Kwa Tesla ya Marekani, ya kumi na moja ni kiwanda: F ni Fremont, A ni Austin. Tazama maili zilizotembewa. Zikizidi 50, uliza kama gari lilikuwa la majaribio.

Kisha zunguka. Pitisha kidole kwenye mwanya kati ya boneti na fenda, kati ya mlango na mlango. Uwe sawa kutoka juu hadi chini na pande zote mbili. Inama utazame rangi kwa pembeni, siyo kwa mbele, ndipo utaona vumbi lililonaswa, matone na mawimbi. Usisahau chini ya milango na ukingo wa buti, ambako rangi mara nyingine huwa nyembamba. Kioo cha juu kikague chote, kwa ufa na mikwaruzo. Rimu zote nne, kisha kwenye tairi tafuta tarakimu nne baada ya herufi za DOT: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Washa taa uangalie kama kuna unyevu mwingi ndani.

Ndani, funga na kufungua kila mkanda, shusha na kupandisha kila kioo, washa kiyoyozi na joto, tazama kila kamera. Chomeka chaja walau dakika mbili. Watu wengi huruka hili, wakafika nyumbani na kifuniko cha kuchajia kisichofunguka.

Dosari ndogo zipige picha na ziandikwe kwenye orodha ya kazi wanazodaiwa kabla hujakubali, siyo kwa ahadi ya mdomo. Paneli ya bodi iliyobonyea, kioo chenye ufa, rangi iliyoharibika eneo kubwa: kataa gari. Watakwambia kituo kitapaka upya. Rangi ya karakana haifanani na ya kiwandani, na utakapouza mnunuzi ataiona. Kukataa kunaweza kukurudisha kwenye foleni, na uulize kwanza ada yako itakuwaje, lakini wiki tatu za kusubiri ni bora kuliko miaka sita ya kulipia gari lenye kasoro.

Wanaofikiria kulipeleka nyumbani Afrika

Magari haya yana usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo isipokuwa kwa matumizi maalumu. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, lakini plagi ya kuchajia ya Marekani hailingani na ya Ulaya inayotumika kwenye chaja nyingi za umma huko, na Tesla, Rivian na Lucid hawana vituo vyao vya huduma Afrika Mashariki. Ukitaka gari la kusafirisha, agiza jingine.

Baada ya kulichukua

Mkataba wa oda wa Tesla unakufunga kupeleka ugomvi kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani. Unaruhusiwa kujitoa kwa barua ndani ya siku 30 tangu kusaini. Iandike siku hiyo hiyo, ikiwa na jina lako, namba ya chasisi na kauli kwamba unajitoa, uitume kwa posta yenye risiti. Warranti ya msingi ya Tesla ni miaka 4 au maili 50,000, ya betri miaka 8 na maili kati ya 100,000 na 150,000 kulingana na modeli, nayo huanza kuhesabiwa siku ya makabidhiano.

Pleti za muda zina tarehe ya mwisho. Wiki mbili kabla haijafika, kama pleti za kudumu hazijaja, piga simu ofisi ya usajili ya jimbo, au ya kodi ya kaunti ukiwa Texas, uwape namba ya chasisi na uulize kama karatasi zimepokelewa. Wakisema hawana kitu, mdai mtengenezaji namba ya kufuatilia kifurushi na uombe pleti za muda ziongezwe kabla hazijaisha.