Namna ya Kujizoeza Bila Kutegemea Kipaji
Anayetaka kuumudu ufundi wowote, tuseme kupiga kinanda, atenge dakika 20 kila siku, kwa kuwa Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hukaa akilini kuliko yaliyorundikwa siku moja. Usianze wimbo mwanzo kila mara. Chagua kipande kifupi ambacho vidole hukwama, ukipige polepole hadi kitoke safi mara tano mfululizo, ndipo uongeze kasi. Mwenye kipaji huipita hatua hii upesi, nami sikatai, lakini akiacha mazoezi vidole vyake huwa vizito kama vya mwingine yeyote. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake kwa dakika zilezile 20, bila kufidia.